Simu Inasema Saa Mbili, Dereva Anasema Nne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ramani za Njia, Mtwara na Lindi

Nafanya kazi ya kupokea na kusafirisha vifurushi hapa Mtwara mjini. Haipiti siku bila mteja kuniwekea simu juu ya kaunta, mstari wa bluu unang'aa, na kuniambia: "Kaka, hapa pameandikwa safari ni ya saa mbili. Nyie mnasemaje nne?" Usiku, umeme ukiwepo, nachora na kurekebisha barabara kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kwa hiyo lawama za pande zote mbili zinanifikia mimi. Nimeamua kuandika majibu mahali pamoja.

Jambo moja kabla hatujaanza. Ninapotaja namba za spidi, natumia za OSRM, programu huria ya kutafuta njia ambayo kanuni zake mtu yeyote anaweza kuzisoma. Google hawaanikii watu zao.

## Mambo ya msingi

Programu inachaguaje njia?

Wewe unaona barabara moja ndefu. Programu inaona kitu kama wavu wa mvuvi: fundo ni njia panda, uzi ni kipande cha barabara kati ya njia panda mbili. Kila uzi una urefu na una spidi iliyokadiriwa. Gawanya urefu kwa spidi, unapata muda. Kazi inayobaki ni kutafuta mfululizo wa nyuzi ambao jumla ya muda wake ni ndogo kuliko yote.

Namna ya kutafuta mfululizo huo ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akaichapisha 1959. Inasambaa kutoka ulipo kama maji yanavyosambaa sakafuni: yanafika kwanza kwenye fundo la karibu, kisha linalofuata, mpaka yakuguse unakokwenda. Siku hizi kuna mbinu za kuharakisha. Moja maarufu ilitoka Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2008. Hiyo huandaa mikato mapema, ili ukiuliza njia ya Mtwara hadi Dar es Salaam jibu lije kabla hujapepesa macho.

Hesabu yenyewe huwa haina kosa. Kosa huingia na spidi waliyoipa.

Inajuaje barabara yetu ni ya namna gani?

Kuna mtu aliiandikia. Kila mstari kwenye OpenStreetMap umebandikwa lebo. Lebo ya kwanza, highway, inataja daraja la barabara: trunk, primary, secondary, tertiary, unclassified, residential, na kuendelea kushuka mpaka track, ambayo ni njia ya shambani, na path, kijia cha miguu. Lebo nyingine, surface, inataja uso wake: lami, changarawe, udongo, mchanga. Maxspeed ni spidi ya juu inayoruhusiwa. Zipo nyingi zaidi, lakini hizo tatu ndizo zinazobeba mzigo.

Tatizo letu Kusini ni kwamba sehemu nyingi zimechorwa na watu walio mbali, wanaotazama picha za setilaiti. Kutoka angani unaona mstari mwekundu unapita kati ya mikorosho. Huoni kama ni moramu iliyoshindiliwa au mchanga wa kuzamisha tairi mpaka kwenye ekseli. Basi mchoraji anaandika daraja, lebo ya uso anaiacha wazi.

Madaraja hayo ni sawa na ya TANROADS na TARURA?

Yanakaribiana, hayalingani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inagawa barabara za nchi katika kuu, za mkoa na za wilaya. Kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, mjini na vijijini, ziko chini ya TARURA iliyoanza mwaka 2017. Wachoraji hujaribu kufuata mgawanyo huo: barabara kuu hupewa trunk au primary, za mkoa mara nyingi secondary, za wilaya tertiary au unclassified. Lakini hakuna askari anayesimamia, na mchoraji wa Lindi anaweza kuamua tofauti na wa Songea. Ndiyo maana wakati mwingine barabara hubadilika rangi ghafla kwenye mpaka wa wilaya wakati wewe uliye ndani ya gari huoni kilichobadilika.

Ikiwa imeandikwa barabara kuu, si ina maana ni lami?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo wahandisi.

Daraja linasema barabara ina umuhimu gani: inaunganisha mkoa na mkoa, wilaya na wilaya, au kijiji na shamba. Hali yake ni habari nyingine. Barabara ya kwenda Liwale ni muhimu kwa sababu watu wa Liwale hawana pa kutokea pengine. Umuhimu huo haupungui mvua ikinyesha. Kule Ulaya, mambo haya yalikoanzia, umuhimu na lami huenda pamoja, kwa hiyo aliyeandika programu alikuwa na haki ya kudhani kwamba barabara ya daraja la juu ni ya kukimbia. Akiileta dhana hiyo Nachingwea, inamlaza porini.

Baadhi ya wachoraji hujaribu kusaidia kwa kuishusha daraja barabara mbovu. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Barabara inapotea kwenye ramani ya mbali, na lami ikija hakuna anayekumbuka kuipandisha tena. Iache kwenye daraja lake, iandikie uso wake.

## Spidi inatoka wapi

Kama hakuna aliyepima, spidi wanaitoa wapi?

Kwenye jedwali. Kila daraja lina spidi yake ya kuanzia. Kwa gari dogo, OSRM inaipa trunk kilomita 85 kwa saa, primary 65, secondary 55, tertiary 40. Unclassified na residential zote 25. Njia za kuingilia uani au kituo cha mafuta, 15. Programu nyingine zina majedwali yao, tofauti kidogo, lakini wazo ni lile lile.

Jedwali hilo ni moja kwa dunia nzima, mpaka mtu alibadilishe. Kwa hiyo mtaa wa Chikongola hapa Mtwara na mtaa wa mji wowote wa Ujerumani vinaanza na 25 ile ile.

Inajua tofauti ya lami, moramu na mchanga?

Ikiambiwa, ndiyo. Lebo ya uso inaweka kofia juu ya spidi ya daraja. Kwa OSRM, lami haina kofia. Udongo ulioshindiliwa vizuri kofia yake ni 80. Changarawe, udongo wa kawaida, au lebo ya jumla ya "si lami" ni 40. Mchanga ni 20. Tope ni 10. Programu inachukua iliyo ndogo kati ya spidi ya daraja na kofia.

Tufanye hesabu. Chukua kipande cha kilomita 60 cha daraja la secondary. Bila lebo ya uso, programu inakwenda 55 na inakupa dakika 65. Mtu akiandika kwamba si lami, inashuka 40, unapata dakika 90. Akiandika mchanga, inakuwa 20, unapata saa 3 kamili. Kipande ni kile kile, mikorosho ni ile ile. Neno moja limekula karibu saa mbili.

Ukiniuliza chanzo kikubwa cha ubishi kaunta kwangu, ni hilo neno moja lililokosekana.

Vibao vya 50 je?

Barabara ikiwa na lebo ya maxspeed, OSRM haikupi spidi yote ya kwenye kibao. Inachukua asilimia 80 yake, ikijua hakuna anayekwenda kwenye kikomo muda wote. Kijijini penye 50, inahesabu 40. Ni kadirio la heshima sana, mimi nalipenda.

Shida ni kwamba vibao vingi havijaingizwa kwenye ramani. Sheria inataka 50 kwenye makazi, na mabasi na malori yasizidi 80 hata nje ya makazi. Programu isiyoona vibao inapita Mnazi Mmoja ya Lindi na 85 yake kama vile hakuna watu, hakuna soko, na hakuna trafiki mwenye tochi chini ya mwembe.

Matuta na rasta zinahesabiwa?

Kwa kawaida, hapana. OSRM ya kawaida inahesabu sekunde chache za taa za barabarani na za kukata kona. Tuta haina habari nalo.

Google wanajuaje kuna foleni?

Kwa simu za watu. Simu yenye Android au ramani yao ikiwashwa eneo lake inatuma inapokwenda na kwa kasi gani, bila jina la mwenye simu. Simu nyingi zikienda polepole kwenye kipande kimoja, kinageuka chekundu. Mwaka 2020 msanii mmoja, Simon Weckert, alijaza simu 99 kwenye kigari cha mkono, akakivuta polepole kwenye mtaa mtupu wa Berlin. Ramani ikaonyesha foleni.

Kinyume chake ndicho kinachotuhusu sisi. Kati ya Dar es Salaam na Kibiti kuna simu za kutosha usiku na mchana. Kati ya Nangurukuru na Liwale, gari linaweza kupita na lisifuatwe na jingine kwa muda mrefu, na mtandao wenyewe unakatika. Pasipo na simu, programu inarudi kwenye kukisia. Barabara isiyo na rangi yoyote usiisome kama barabara iliyo wazi. Huenda hakuna aliyepita.

Mtwara hadi Lindi ni lami tupu. Mbona bado muda hautimii?

Kwa sababu programu inahesabu gari linalotembea, nawe umepanda gari linalofanya biashara.

Safari moja nilikaa siti ya mbele kwenye kosta nikiwa na daftari. Ni zaidi kidogo ya kilomita 100, simu ikasema saa 1 na nusu. Tulitoka stendi, tukasimama mara ya kwanza kabla hata sijafunga mkanda, konda akamuona mama na ndoo mbili. Mikindani, suka akapewa ishara ya taa na lori lililotoka mbele, akashuka mpaka arobaini na kitu. Ishara ile kila dereva anaijua: trafiki wapo. Madangwa tulipakia magunia mawili juu, kamba ikakatika, tukangoja nyingine. Ilipokuwa barabara tupu, mshale ulikaa kwenye 80 na kwa kweli tulikwenda sawasawa na simu ilivyodhani. Tulifika Ngongo, pale Lindi, kwa saa 2 na dakika 25. Nilipojumlisha kwenye daftari, karibu tofauti yote ilikuwa vituo na vijiji. Barabara haikuwa na kosa.

Gari dogo la binafsi linaukaribia sana muda wa simu kwenye kipande hiki. Kosta hapana.

## Mambo ya Kusini hasa

Mtwara kwenda Masasi, kwa nini simu moja inapita Mnazi Mmoja na nyingine inapita Newala?

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu umbali unakaribia kulingana. Kupitia Mnazi Mmoja, Mtama na Ndanda ni kama kilomita 200, lami mwanzo hadi mwisho. Kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kilomita 210. Katika hizo 210, kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia kupata lami. Zilizobaki 160, kutoka Mnivata hadi Masasi, ziliingizwa kwenye mradi wa ujenzi unaofuata.

Sasa tazama programu inavyofikiri. Njia ya Mnazi Mmoja ikiwa trunk, kilomita 200 kwa 85 ni saa 2 na dakika 21. Njia ya Newala ikiwa primary isiyo na lebo ya uso, kilomita 210 kwa 65 ni saa 3 na dakika 14. Ikiandikwa kwamba zile 160 si lami, inakuwa saa 4 na dakika 46. Kwa gari linalotoka Mtwara mjini, Mnazi Mmoja inashinda kwa vyovyote. Lakini anzia Nanyamba, na jibu linaweza kugeuka.

Kipande kinachopata lami hakijiandiki chenyewe kwenye ramani. Kila mkandarasi akimaliza kilomita kadhaa, lazima mtu aende kuukata mstari pale lami inapoishia na kubadilisha lebo. Ramani mbili za matoleo tofauti zinaweza kukupa njia mbili, na zote zilikuwa sahihi siku ziliposhushwa.

Inajua kama ni masika?

Haijui. Mvua zetu huanza karibu Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, Mei. Katika miezi hiyo kipande cha udongo mweusi kinaweza kutoka 40 hadi sifuri kwa usiku mmoja. Zipo lebo za barabara ya msimu na ya magari ya kuvuta tairi zote nne, na mimi huziweka, lakini injini nyingi za kutafuta njia zinazipita bila kuzisoma. Zinakuonyesha Liwale ya Agosti mwezi wa Machi.

Mchanga nao una kichekesho chake, ambacho wenyeji wa uwanda wa Wamakonde wanakijua na programu haitakaa ikijua: mvua kidogo inaufanya mchanga ushikamane na upitike vizuri kuliko kiangazi. Kiangazi kikali ndipo utamuona utingo anashuka kupunguza upepo wa tairi.

Na msimu wa korosho?

Oktoba hadi Desemba, Fuso zinashusha korosho maghalani na malori makubwa yanazivuta kwenda bandarini. Ongeza malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kuja bandari ya Mtwara mwaka mzima. Ukiwa nyuma ya msafara kati ya Masasi na Mnazi Mmoja, spidi yako ni ya lori la mbele. Programu zenye data za simu zinaanza kuligundua hilo kwenye barabara hii, kwa kuwa magari yapo ya kutosha. Zisizo na data hiyo zitaendelea na 85 yao.

Kupanda Newala kunahesabiwa?

Kwa gari, programu nyingi za huria hazisomi mwinuko kabisa. Data yenyewe ipo: chombo cha anga cha Marekani kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Programu za baiskeli huitumia, kwa sababu mpanda baiskeli huuhisi mlima kwenye mapaja. Gari dogo halina neno. Lakini Fuso lenye tani zake likitokea Mtama kupandisha Kitangari linakwenda kwa gia ndogo, utingo ametembea pembeni na jiwe mkononi, na simu inasema 55.

Mimi ni bodaboda. Nichague alama gani?

Ukichagua gari, programu inakataa vijia na mara nyingine hata njia za shambani ambazo unapita kila siku. Ukichagua baiskeli, inakupa vijia vyote lakini inahesabu kama kilomita 15 kwa saa: safari ya kilomita 30 inaandikwa saa 2. Kwa hiyo chukua njia ya baiskeli, tupa muda wake, weka wako. Kama programu yako ina alama ya pikipiki, ijaribu kwanza kwenye njia unayoijua, uone inakupitisha wapi.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Pantoni ya Msangamkuu, au ya Kitunda pale Lindi: simu inaihesabuje?

Kama mstari juu ya maji. Mchoraji akiandika muda wa kuvuka, unatumika huo. Asipoandika, OSRM inakisia kilomita 5 kwa saa, yaani dakika 12 kwa kila kilomita. Kusubiri hakumo. Ukifika gatini ndiyo kwanza pantoni imeondoka upande wako, huo muda ni wako mwenyewe. Watu wengine simu huwapa njia ya kuzunguka nchi kavu wakashangaa. Ni kwa sababu kwa hesabu yake maji ni polepole mno.

Barabara ikikatika, programu itajua?

Si mara moja. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Kilwa. Kwenye ramani ya huria mtu anaweza kukifunga kipande hicho siku hiyo hiyo. Ila ramani iliyokaa ndani ya simu yako tangu mwezi uliopita haitapata habari mpaka uisasishe, na wengi hawasasishi.

Ukifunga kipande kama kile, utaona pia jinsi tulivyo na mlango mmoja. Programu itakutoa Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro mpaka Dar es Salaam: zaidi ya kilomita 1,500 badala ya kama 560. Watu walidhani simu imeharibika. Ilikuwa inasema kweli.

Kuna mchepuko wa ujenzi. Kwa nini simu inang'ang'ania nirudi?

Kwa sababu kwenye ramani mchepuko haupo, na barabara kuu ipo. Michepuko haidumu, kuichora yote ni kazi bure. Mimi nachora tu ile itakayokaa miezi. Mingine, fuata kibao cha mkandarasi na vumbi la gari la mbele.

Barabara ipo kwenye ramani, lakini programu inanizungusha. Kwa nini?

Kumbuka wavu wa swali la kwanza. Mistari miwili inaweza kuonekana imekutana wakati haikufungwa fundo. Mchoraji aliishia mita moja kabla ya njia panda, au alipitisha mstari juu ya mwingine bila kuunga. Wewe kwa macho unaona njia panda. Programu inaona uzi uliokatika, na haiwezi kuruka hata mita moja. Nimewahi kukuta kijiji kizima ambacho kwa programu kilikuwa kisiwa, kwa sababu ya fundo moja kwenye kalavati. Kulifunga kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Sababu nyingine: mstari umeandikwa njia ya upande mmoja kimakosa, au kuna geti lililochorwa barabarani.

Na inaponiingiza shambani kwa mtu?

Hapo mtu amechora njia ya mikorosho na kuipa daraja la unclassified badala ya track. Kwa OSRM hiyo ni barabara ya 25, halali kabisa. Ikiwa fupi kuliko barabara kubwa, unaingizwa. Ukiona majani yamesimama katikati ya alama za tairi, geuza gari mapema, pakiwa bado na nafasi ya kugeuzia.

Kuvuka kwenda Msumbiji kwa Daraja la Umoja?

Daraja la Umoja, la mita 720 juu ya Mto Ruvuma pale Mtambaswala, lilifunguliwa mwaka 2010, na programu inalipita kama daraja lingine lolote, chini ya dakika moja. Uhamiaji, forodha na saa za kufungwa mpaka hazimo kwenye hesabu. Kwa barabara ya ng'ambo, kuanzia Negomano, rudi kwenye swali la lami, moramu na mchanga.

Nikiona kosa, narekebishaje?

Kwa Google, gusa barabara na utume taarifa. Kukubali au kukataa ni kwao. Kwa OpenStreetMap unafungua akaunti bure na kurekebisha mwenyewe. Rahisi kuliko zote ni StreetComplete kwenye Android: inakuuliza uso wa barabara uliyosimama juu yake ni upi, unachagua picha, basi. Ukiwa abiria, anza na hilo tu. Usiandike lami kwa sababu umesikia redioni kwamba mkataba umesainiwa. Andika ulichokikanyaga.

Kwa ramani ya bila intaneti, Organic Maps na OsmAnd zinatumia data hiyo hiyo. Marekebisho yako yataonekana humo zikitoa toleo jipya, na wewe ukilishusha.

Sasa mteja akiniuliza mzigo utafika saa ngapi, nijibu nini?

Mimi huikata njia vipande vitatu bila kuangalia daraja lake. Lami yenye vijiji naihesabu 60. Moramu nzuri 40. Mchanga, au moramu iliyochongwa na malori mpaka ikawa kama bati, 20. Kisha naongeza muda wa vituo, kutegemea gari: Noah ya abiria si sawa na pikapu yetu ya mizigo. Masika, kipande cha udongo sikihesabu kabisa.

Kipande hicho nampigia simu dereva aliyelala Tandahimba jana.